Maisha ya William Key, Tabibu wa Wanyama

Wako watu walioanza maisha bila kitu, lakini William Key wa Shelbyville, katika jimbo la Tennessee, Marekani, hata nafsi yake haikuwa mali yake. Alizaliwa mtumwa mwaka 1833. Kwa kuwa wanachama wengi wa ushirika wetu ni wafugaji, na wengine hulima kwa maksai, yafaa habari zake zijulikane.

Tangu utotoni alikuwa na kipaji cha kuwatuliza wanyama wakali na kuwauguza wagonjwa. Kusoma alijifunza nyumbani kwa bwana wake; utabibu wa mifugo alijifundisha mwenyewe, kwa kutazama na kujaribu. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipokwisha mwaka 1865 na utumwa ukafutwa, alikuwa mtu mzima, hana mtaji ila ujuzi wake. Akatengeneza dawa ya kuchua iliyotumiwa na watu na wanyama pia, akaiita Keystone Liniment, akazunguka akiiuza mji hata mji. Faida yake akaitia katika biashara nyingine, hata akawa tajiri. Yasimuliwa kwamba jamaa za bwana wake wa zamani walipofilisika kwa ajili ya vita, yeye ndiye aliyewalipia deni la rehani ya nyumba yao. Wengi wangaliona haki kuwaacha.

Mwaka 1889 farasi wake jike alizaa mtoto dhaifu, miguu imepinda, hata hakudhaniwa kuishi. Mwenye kutazama hesabu tu angalimwua. Key alimwita Jim, akamlea kama mwanawe. Mama yake alipokufa, farasi huyo aliingizwa kulala nyumbani. Miguu iliponyoka, Key akaanza kumfundisha, akaendelea kwa miaka kadhaa, kwa tufaha, sukari na maneno ya upole. Mjeledi haukuguswa. Jim akawa mashuhuri kwa kuchagua herufi na tarakimu zilizoandikwa katika vibao, na hata kurudisha chenji kutoka katika mashine ya fedha.

Katika maonyesho makubwa ya Nashville, mwaka 1897, Rais McKinley mwenyewe alimtazama. Mwaka 1904 walikuwa St. Louis. Hizo zilikuwa siku ambazo sheria za Tennessee zilimtenga mtu mweusi hata katika behewa la gari la moshi, naye Key alisimama mbele ya halaiki za wazungu kama mwalimu.

Je, farasi aweza kupiga hesabu? Mwaka 1907 mtaalamu mmoja wa Ujerumani alionyesha kwamba farasi wa huko, aitwaye Hans, alikuwa akifuata ishara ndogo sana za miili ya watu, wasizozijua wenyewe. Huenda Jim naye alikuwa hivyo. Kwa mfugaji jambo hilo halipunguzi kitu, maana mnyama amtazamaye bwana wake kwa makini namna ile ni mnyama asiyemwogopa.

Vyama vya kuzuia ukatili kwa wanyama viliwapokea wawili hao kwa furaha, na watoto wa shule waliowatazama wakaandikishwa kuahidi kuwatendea wanyama wema. Yasemekana walioahidi walifika milioni 2.

William Key alifariki Shelbyville mwaka 1909. Jim aliishi miaka mitatu bila yeye, akafa mwaka 1912.