Mhubiri na Kadhi

Kila Garissa inapotajwa pamoja na dini, wengi wetu hukumbuka tarehe 2 Aprili 2015, wauaji walipowatenga wanafunzi wa chuo kikuu kwa imani zao, na watu 148 wakauawa. Mimi hukumbuka pia mhubiri aliyetamani kuzifikia pande hizo zamani, asizifikie.

Johann Ludwig Krapf alizaliwa Ujerumani mwaka 1810. Alihubiri kwanza Shoa, Uhabeshi, akajifunza lugha ya Waoromo. Njia ya huko ilipofungwa, aliazimia kuwafikia kwa kupitia pwani yetu, kwani wakati huo ndugu zao Waorma ndio waliochunga ng'ambo ya Mto Tana, kabla ya Wasomali kuenea huko. Kwake Mombasa ilikuwa mlango tu.

Aliingia Mombasa mwaka 1844. Mwezi wa Julai homa ilimwua mkewe, Rosine, na binti yao mchanga akafuata. Mwaka 1851 aliukaribia Mto Tana kutoka Ukambani, mbali juu ya Garissa. Msafara ukashambuliwa, mwenyeji wake Kivoi akauawa, naye akaponea chupuchupu. Kituo katika nchi ya Waorma hakukipata kamwe, na waongofu wake wa Rabai walihesabika kwa vidole. Mwaka 1853 alirejea Ulaya akiwa dhaifu. Alifariki mwaka 1881.

Kwa hesabu ya mimbari, basi, alishindwa. Kwa hesabu yetu sisi wanaisimu, sarufi yake ya Kiswahili ya mwaka 1850 na kamusi iliyochapishwa London mwaka 1882 ni misingi isiyopuuzika.

Lakini misingi hiyo hakuijenga peke yake. Juni 1844 alipoanza kukifasiri Kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, aliyemsaidia alikuwa kadhi, Sheikh Ali bin Muhiddin. Tusimpambe Krapf: aliuona Uislamu kuwa upotovu, wala hakuficha. Hata hivyo, mchungaji na kadhi waliketi pamoja kutafuta neno lililo sawa, na hakuna aliyemtaka mwenzake aikane imani yake kwanza.

Wapo wanaodai kwamba amani ya Kaskazini Mashariki itapatikana tu dini zikikaa mbalimbali. Sikubaliani nao. Kutengana ndiko walikokutaka wauaji wa 2015. Anayetaka kuhubiri Garissa leo, awe padri au mchungaji, na aanze kwa Kisomali, tena akifundishwa na mwenyeji Mwislamu. Huenda asipate mwongofu hata mmoja, atapata jirani.