Nana Asma'u wa Sokoto: Mwalimu na Mtunzi Katika Nyumba Yenye Watu Wengi

  

Ndugu zetu, miongoni mwa mambo tunayoulizwa mara kwa mara ni hili la mabinti wanaosomesha madrasa. Binti amehifadhi, anasomesha vizuri, na pengine ana kipaji cha kutungia watoto qasida. Akishaolewa, kazi inasita. Mara mume hataki, mara mimba na watoto, mara mwenyewe amechoka. Wazee wanasema nyumba kwanza, walimu wenzake wanasikitika kwamba elimu ile itapotea. Upande wa fiqhi tunawaachia masheikh wetu katika ukurasa wa maswali. Leo tunasimulia maisha ya bibi mmoja aliyeishi na mambo hayo yote matatu, yaani kusomesha, kutunga na nyumba, kwa zaidi ya miaka arobaini.

Nana Asma'u alizaliwa mwaka 1793 katika kijiji cha Degel, sehemu ambayo leo ni kaskazini ya Nigeria. Neno Nana huko ni la heshima, kama sisi tunavyosema Bibi. Baba yake ni Shehu Uthman dan Fodio, mwanachuoni mkubwa wa Kifulani. Alizaliwa pacha na kaka yake Hassan, na watu walitarajia aitwe Husaina kama ilivyo ada yao kwa mapacha, lakini baba akamwita Asma'u, jina la binti wa Sayyidna Abubakar (r.a.).

Katika nyumba ya Shehu watoto wa kike walisomeshwa kama wa kiume. Shehu aliandika waziwazi kuwalaumu wanavyuoni wa zama zake waliosomesha wanafunzi mchana na usiku huku wake zao, mabinti zao na watumishi wao hawajui hata namna ya kutawadha. Asma'u alihifadhi Qur'ani, akasoma fiqhi na tasawwuf, na akazijua lugha nne: Kifulani, Kiarabu, Kihausa na Kituareg. Katika tatu za mwanzo alitunga.

Alikuwa na umri wa miaka kumi na moja hivi ilipowabidi wahame Degel mwaka 1804, na vita vya jihadi vikaanza. Mwaka 1807, vita vikiwa bado, aliolewa na Gidado, sahibu wa kaka yake Muhammad Bello. Gidado alimpita sana kwa umri, naye alikuwa na wake wengine. Bello aliposhika uongozi wa Sokoto mwaka 1817, baada ya kufariki Shehu, Gidado akawa Waziri wake. Basi Asma'u akawa bibi wa nyumba ya Waziri: wageni hawaishi, wake wenza, watoto wa kila umri, jamaa waliofiwa na waume vitani. Yeye mwenyewe alijaaliwa watoto wa kiume, na mmoja wao, Abdulkadiri, alikuja kukalia kiti cha baba yake cha uwaziri.

Tunaomba tusimame kidogo hapa, kwa sababu kisa cha bibi huyu hupenda kusimuliwa nusu. Nyumba ile ilikuwa na watumwa. Kutwanga, kusaga na kuchota maji kulifanywa na mikono ya wengine, na wengi katika hao walitekwa katika vita hivyohivyo. Anayemwambia mkewe kwamba Nana Asma'u aliweza, ilhali mkewe anaamka alfajiri peke yake kuwasha moto, kufua na kupeleka watoto skuli, hamfanyii uadilifu. Jambo la pili ni mume. Gidado naye alikuwa mtu wa kalamu. Bello alipofariki mwaka 1837, mke na mume wote wawili walikaa kuandika habari zake, Gidado kwa upande wake na Asma'u kwa upande wake, ili wanaokuja nyuma wajue alivyokuwa. Mume wa namna hiyo haulizi karatasi na wino vinafanya nini chumbani.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Vita vilikuwa vimeleta Sokoto na vijiji vyake wanawake wengi wasiojua dini. Walikuwa wamezoea bori, mambo ya kupandisha pepo, jambo ambalo watu wa visiwani hatuhitaji kuelezwa. Wanawake hawa hawakuweza kuja mjini kukaa chuoni. Wana watoto wachanga, wana mashamba na waume. Na Asma'u naye hakuweza kuiacha nyumba akazunguka vijijini.

Alilolifanya, kwa maoni yetu, ndilo la kutazamwa zaidi katika maisha yake yote. Kiasi cha mwaka 1830 alianzisha mpango ulioitwa 'Yan Taru, maana yake wale waliojumuika. Aliwachukua kina mama watu wazima waliokwisha kuzaa, pamoja na wasichana wadogo ambao hawajaolewa, na hao ndio waliosafiri makundi kwa makundi kuja nyumbani kwake. Wenye watoto mgongoni walibaki kwao, na elimu ikawafuata. Kila kundi lilikuwa na kiongozi wake, akiitwa jaji. Jaji alikaa na Asma'u, akajifunza tenzi zake kwa moyo na kuelezwa maana yake, kisha akarudi kijijini kuwasomesha wenzake majumbani mwao.

Kila jaji alipewa pama kubwa la ukili lililoitwa malfa, na kitambaa chekundu cha kulizungushia. Pama hilo halikuokotwa ovyo. Katika nchi ya Gobir lilivaliwa na bibi mkuu wa mambo ya bori. Asma'u alilitoa kwenye kichwa cha kiongozi wa pepo akalitia kwenye kichwa cha mwalimu. Kina mama hao walipokuja walibeba zawadi, nafaka, samli, asali, nguo, naye alizigawa kwa wagonjwa, vilema na wasiojiweza.

Tenzi zake basi hazikuwa kazi ya pembeni anayoifanya usiku watu wakilala. Ndizo zilizokuwa vitabu vya kusomeshea. Alitunga shairi lenye majina ya sura zote za Qur'ani, mtu akilihifadhi amekwisha kujua sura na mpango wake, na akalitunga kwa lugha tatu. Bello alipoandika kitabu juu ya wanawake wema wa Kiislamu, Asma'u alikigeuza kuwa ushairi wa Kifulani na wa Kihausa ili kisomwe na wasiojua Kiarabu. Alikuwa hodari wa takhmisi, sanaa tunayoijua vizuri huku kwetu, akichukua beti za baba yake au kaka yake na kuzitia mishororo. Wakati huohuo, mwaka 1858, katika pwani yetu Mwana Kupona binti Msham alikuwa akimtungia binti yake utenzi wa wasia. Mabibi wawili wasiojuana, kila mmoja anaandika lugha ya kwao kwa herufi za Kiarabu, na kila mmoja akisomesha kwa beti.

Alitunga pia misiba yake. Alipofariki Aisha, mke wa Bello na rafiki yake tangu ujana, alimlilia kwa Kiarabu. Alimtungia marthiya mumewe Gidado. Na alimtungia jirani yake Halima, ambaye hakuwa mwanachuoni wala mke wa kiongozi. Sifa alizompa Halima ni subira, kuunga ujamaa na kupatanisha watu waliogombana. Katika kazi zake zote, zaidi ya sitini zilizohifadhiwa, hiyo ni mojawapo ya zile tunazozipenda sana, maana inaonesha kwamba mwenye elimu yote ile hakumdharau mwanamke ambaye kazi yake ilikuwa nyumba tu.

Nana Asma'u alifariki mwaka 1864, Allah amrehemu, akazikwa Sokoto karibu na kaburi la baba yake. Makaratasi yake yalibaki kwa kizazi cha Gidado, baba akimwachia mtoto, mpaka yakachapishwa pamoja na tafsiri ya Kiingereza mwaka 1997. Vijijini kazi haikusita hata kidogo. Ndugu yake Maryam aliwashika kina mama wa 'Yan Taru, wakawa wanakuja kwake kama walivyokuwa wakienda kwa dada yake. Na mdogo wao Isa, baada ya kumtungia marthiya, aliendelea kuzigeuza tenzi zake za Kifulani ziwe za Kihausa, lugha ya wale waliobaki nyumbani na watoto.