Maria Montessori, daktari aliyewaachia watoto kabati wazi

KILA mfanyabiashara anayevuka Namanga, Busia au Rusumo alfajiri anajua swali linalomsumbua njiani: mtoto nimemwacha na nani? Mwaka 1907 wazazi wa San Lorenzo, mtaa wa makabwela mjini Roma, Italia, walikuwa na swali hilo hilo. Wao walikwenda vibaruani, watoto wakabaki kwenye ngazi za majengo wakichafua kuta. Wenye majengo walipoona hasara, wakatafuta mtu wa kuwaangalia.

Aliyekubali ni daktari, Maria Montessori. Alizaliwa Agosti 31, 1870, Chiaravalle. Baba yake hakutaka asomee udaktari, mama yake alimuunga mkono, na mwaka 1896 akahitimu Chuo Kikuu cha Roma, miongoni mwa wanawake wa kwanza wa Italia kufika hapo.

Kazi ilimpeleka kwa watoto wenye ulemavu wa akili, waliofungiwa bila cha kushika wala kuchezea. Akawapa vifaa vya kupanga na kupapasa, na baadhi yao wakafaulu mitihani ya shule za kawaida. Akajiuliza: kama hawa wameweza, wenzao wenye afya wanakwamishwa na nini?

Nyumbani alikuwa na jeraha lake. Mwaka 1898 alijifungua mtoto wa kiume, Mario, bila ndoa. Ili kulinda heshima na kazi, mtoto alipelekwa kijijini kulelewa na watu wengine. Mwanamke atakayesifika duniani kwa kuwajua watoto hakumlea wa kwake. Mario alirudi kwake akiwa kijana, akawa msaidizi wake hadi mwisho.

Nyumba ya Watoto ilifunguliwa Januari 6, 1907, kwa watoto wa miaka mitatu hadi saba. Ratiba aliyoiandika baadaye ilianza saa 3 asubuhi. Watoto walisalimiana, wakakaguliwa usafi, wakasaidiana kuvaa aproni, kisha wakapita chumbani kuona kama vumbi limefutwa. Wakaketi kusimulia mambo ya jana. Saa 4 ilikuwa kazi ya akili kwa vifaa, saa 5 mazoezi mepesi ya viungo, na saa 5:30 chakula. Baada ya michezo, saa 8 walifinyanga udongo na kuchora. Saa ya mwisho ilikuwa ya nyimbo na kutunza mimea na wanyama, hadi saa 10 jioni.

Siku moja mwalimu alisahau kufunga kabati. Alipofika aliwakuta watoto wamejichukulia vifaa na wanaendelea na kazi. Montessori hakuuona wizi. Aliona kwamba mtoto anajua anachokihitaji. Akaagiza makabati mafupi, yasiyofungwa, ambayo mtoto anayafikia mwenyewe.

Njia hiyo ilienea haraka. Serikali ya Mussolini iliipokea, kisha ikagombana naye, na mwaka 1934 akaihama Italia. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilimtoa Uhispania mwaka 1936, akahamia Uholanzi. Mwaka 1939 alikwenda India kufundisha walimu. Italia ilipoingia vitani mwaka 1940, Waingereza walimzuia huko kama raia wa nchi adui, lakini aliendelea kufundisha.

Alifariki Mei 6, 1952, Noordwijk aan Zee, Uholanzi, akiwa na miaka 81. Leo jina lake liko kwenye mabango ya shule za awali za Nairobi, Dar es Salaam na Kampala, nyingine zikitoza ada ambayo mwenye kibanda sokoni haimudu.

Pale San Lorenzo wazazi hawakulipa ada. Walidaiwa, pamoja na mengine, mtoto afike kwa wakati na afike msafi, na mama aliweza kuonana na mwalimu angalau mara moja kwa wiki.