JIM CORBETT NA CHUI MILIA WA INDIA

Katika bara la Asia yuko mnyama mkubwa wa jamii ya paka ambaye hapatikani katika mapori ya Afrika. Mnyama huyo huitwa chui milia. Ngozi yake ni ya rangi ya machungwa, nayo ina milia myeusi. Dume mkubwa huweza kuwa na uzito unaozidi kilo 200. Simba huishi katika makundi, lakini chui milia huishi na kuwinda peke yake. Kwa hiyo anahitaji msitu mpana wenye maji, vichaka vya kujifichia, na wanyama wengi wa kuwala, kama vile kulungu na nguruwe mwitu.

Katika somo hili tutasoma maisha ya Jim Corbett. Mtu huyu aliwaua chui milia wengi, na baadaye akawaomba watu wote wawalinde.

Utoto wake

Jim Corbett alizaliwa tarehe 25 Julai, 1875, katika mji wa Nainital, kaskazini ya India. Wakati huo India ilikuwa chini ya utawala wa Waingereza. Baba yake alikuwa mkuu wa posta mjini hapo, naye alifariki Jim angali mtoto mdogo. Kila majira ya baridi jamaa yake ilihamia Kaladhungi, mahali penye joto kidogo kando ya msitu, chini ya milima.

Msitu huo ulikuwa kama shule yake ya pili. Alijifunza kutambua nyayo za wanyama na sauti za ndege. Aligundua kwamba kulungu na nyani hutoa sauti ya kuwaonya wenzao wanapomwona chui milia. Kwa kusikiliza tu, aliweza kujua mahali chui milia alipokuwa akipita.

Alipokua aliajiriwa na shirika la reli. Kwa zaidi ya miaka 20 alisimamia wachukuzi waliovusha mizigo ya reli katika mto Ganges.

Chui milia wa Champawat

Mwaka 1907 Corbett aliitwa kwenda kuwasaidia watu wa vilima vya Kumaon. Huko alikuwako chui milia jike aliyezoea kula watu. Ilisemekana kuwa jike huyo alikuwa amekwisha kuua watu 436, kwanza katika nchi ya Nepal na kisha India. Wanavijiji walijifungia majumbani mwao. Mazao yaliharibika mashambani kwa kukosa watu wa kuyavuna, na akina mama waliogopa kwenda kukata majani ya mifugo.

Corbett alikubali kwenda kwa masharti mawili. Alitaka zawadi ya fedha iliyotangazwa ifutwe, na wawindaji wengine waondolewe. Hakutaka kuhesabiwa miongoni mwa watu wanaoua kwa ajili ya fedha. Alipofika Champawat, wanaume wapatao 300 walijipanga juu ya kilima wakipiga ngoma na makelele. Chui milia alikimbia kutoka mafichoni mwake, na Corbett akampiga risasi.

Baada ya mnyama huyo kufa, Corbett alimchunguza kinywani. Chonge mbili za upande wa kulia zilikuwa zimevunjika. Zilivunjwa na risasi ya mwindaji miaka kadhaa kabla ya siku hiyo. Chonge ni meno marefu yenye ncha ambayo wanyama walao nyama hutumia kwa kukamata na kuulia. Jike yule hakuweza tena kumkamata kulungu, kwa hiyo aliwinda watu, ambao hawana mbio wala pembe.

Sababu ya chui milia kula watu

Katika miaka iliyofuata Corbett aliitwa mara nyingi kuwaua chui na chui milia waliokula watu. Kila mara alitafuta sababu. Wengi walikuwa na jeraha la risasi lisilopona, au miiba ya nungunungu iliyokuwa imeingia ndani ya miguu yao. Wengine walikuwa wazee waliokwisha meno. Corbett aliona wazi kuwa chui milia mwenye afya, anayeishi katika msitu wenye chakula, kwa kawaida humkwepa mtu. Mara nyingi wanadamu wenyewe ndio waliomgeuza kuwa adui, kwa kumjeruhi na kwa kuuharibu msitu wake.

Tukumbuke mnyororo wa chakula. Majani huliwa na kulungu, na kulungu huliwa na chui milia. Msitu ukikatwa, kulungu hupungua. Kulungu wakipungua, chui milia hukosa chakula, naye huanza kukamata ng'ombe wa wanavijiji. Ndipo watu humwinda kwa hasira.

Kamera badala ya bunduki

Katika ujana wake Corbett aliwinda pia kwa kujifurahisha, kama walivyofanya wakubwa wengi wa siku zile. Polepole aliona kuwa wanyama wanakwisha. Akanunua kamera, akaanza kupiga picha za sinema za chui milia. Kwa kuwa kamera ilitoa mlio, alijenga vizuizi katika kijito ili maji yaporomoke na kuufunika mlio huo. Kwa njia hiyo aliwakaribia chui milia bila kuwashtua.

Aliwatembelea wanafunzi shuleni, akawaeleza habari za msitu na wanyama wake. Aliandika pia vitabu vilivyosomwa katika nchi nyingi. Alionya kuwa serikali peke yake haiwezi kumwokoa chui milia. Kama wananchi hawatamtetea, atatoweka, na India itakuwa imepoteza mali isiyoweza kununuliwa tena. Mwaka 1936 hifadhi ya taifa ya kwanza ya India ilianzishwa karibu na nyumbani kwake, naye alikuwa miongoni mwa waliosaidia kuianzisha.

Mwaka 1947 Corbett na dada yake Maggie walihamia Nyeri, nchini Kenya. Huko aliendelea kuandika na kupiga picha za wanyama. Alifariki tarehe 19 Aprili, 1955, akazikwa Nyeri. Baada ya kifo chake, hifadhi ile ya India ilipewa jina lake.

Baada ya Corbett

Onyo lake halikusikilizwa mapema. Chui milia wa visiwa vya Bali na Java walitoweka kabisa. Mwaka 1972 India ilikadiriwa kuwa na chui milia 1,827 tu. Mwaka huo ilitungwa sheria ya kuwalinda wanyama pori, na mwaka 1973 mpango mkubwa wa kuwahifadhi chui milia ulizinduliwa katika Hifadhi ya Corbett.

Hata hivyo, sheria haitoshi bila watu. Mwaka 2005 ilibainika kuwa majangili wamewamaliza chui milia wote wa hifadhi ya Sariska, ingawa sheria ilikuwako. Mwaka 2006 India nzima ilikadiriwa kuwa na 1,411 tu. Baada ya hapo ulinzi uliimarishwa, na kufikia mwaka 2022 makadirio yalikuwa chui milia 3,682. Lakini wakulima wanaoishi kando ya misitu bado hupoteza mifugo, na wengine hupoteza maisha. Ni haki wasaidiwe, kwani wao ndio majirani wa chui milia. Wakimkubali, ataishi, wakimkataa, hakuna askari wa kutosha wa kumlinda.

Maswali

1. Kwa nini chui milia wa Champawat alianza kuwinda watu?
2. Taja mambo mawili yanayoweza kumfanya chui milia ale watu.
3. Chora mnyororo wa chakula wenye majani, kulungu na chui milia. Eleza litakalotokea ikiwa majani yatachomwa moto.
4. Kwa nini sheria peke yake haitoshi kuwahifadhi wanyama?

Kazi ya kufanya

Waulize wazee wa mahali unapoishi ni wanyama gani wa porini waliokuwako zamani ambao sasa hawaonekani. Andika majina yao pamoja na sababu za kutoweka kwao, kisha mjadiliane darasani.