Khwaja Mir Dard: Sheikh Aliyesikiliza Nyimbo Bila Kuzitolea Fatwa

Leo tunamwendea mcha Mungu mmoja wa Delhi aliyebaki mjini kwake wenziwe walipohama, wala hakulificha jambo alilolaumiwa. Huyo ni Khwaja Mir Dard, Allah amrehemu.

Alizaliwa yapata mwaka 1721, katika ukoo unaojinasibisha na Sheikh Bahauddin Naqshband wa Bukhara. Baba yake, Khwaja Muhammad Nasir, aliacha utumishi wa jeshi akashika njia ya ufakiri. Katika ushairi alijiita Andalib, yule ndege mwimbaji anayelililia ua katika tungo za Waajemi. Jina hilo lilikuwa na asili yake, kwani sheikh wake, Shah Sa'dullah, mshairi na mjuzi wa muziki, alijiita Gulshan, yaani bustani ya maua. Kijana naye akajichagulia Dard, maumivu. Akiwa na umri wa miaka 15 tu, ndani ya itikafu ya Ramadhani, aliandika risala juu ya siri za Swala.

Maumivu hayakuwa mbali. Mwaka 1739 Nadir Shah wa Iran aliingia Delhi, watu wakauawa na mali ikaporwa. Kisha yakafuata majeshi ya Ahmad Shah Abdali. Washairi wakubwa walihama kutafuta riziki. Mir Taqi Mir alielekea Lucknow mwaka 1782. Dard, aliyeshika nafasi ya baba yake mwaka 1759, hakuondoka.

Sasa tufike kwenye lawama. Tariqa ya Naqshbandiya husifika kwa dhikri ya kimya, na masheikh wake wengi hawakuridhia nyimbo. Lakini nyumbani kwa Dard mafundi wa muziki walikusanyika mara mbili kila mwezi.

Msomaji wetu anayejua vina na mizani hatapata taabu kuielewa ghazali ya Kiurdu. Nayo ina mizani na kina, ila kila beti lake la mishororo miwili husimama peke yake. Mwimbaji huchagua raga, ambayo ina sauti zake maalumu na aghalabu wakati wake wa siku au usiku, kisha huurudia mshororo wa kwanza, kila mara kwa mpindo mwingine wa sauti, na kuuzuia wa pili mpaka wasikilizaji wautamani. Ghazali za Dard zilifaa mno kwa kazi hiyo, kwa kuwa ni fupi na maneno yake ni mepesi. Diwani yake ya Kiurdu ni ndogo. Maandishi yake mengi, kikiwemo kitabu kikubwa cha Ilm ul-Kitab, ni ya Kiajemi.

Alijitetea vipi? Hakudai kuwa kusikiliza ni ibada. Alieleza kwamba waimbaji huja wenyewe bila kuitwa, naye hawafukuzi. Kwamba itikadi yake ni ile ile ya masheikh wake. Kwamba huo ni mtihani aliotiwa na Mola wake, naye anamwomba msamaha. Wala hakuwatolea wafuasi wake fatwa ya uhalali. Sisi tuliozoea kuona watu wakikatana maneno kwa ajili ya dufu la maulidi, tunauona unyenyekevu huo kuwa adimu, ijapokuwa wapo watakaosema kwamba alijua kosa na akaliendea.

Katika majlisi hiyo adabu haikuwa na mkubwa. Inasimuliwa kwamba Mfalme Shah Alam alihudhuria siku moja akanyoosha mguu. Sheikh alipochukizwa, mfalme alitaja maradhi ya mguu. Akajibiwa kuwa mwenye udhuru huo hakulazimika kuja.

Dard aliwahi kuandika kwamba atafariki akiwa na umri wa baba yake, miaka 66 ya Hijria. Ikawa hivyo, mwezi wa Safar 1199, sawa na Januari 1785. Amezikwa Delhi, na ghazali zake zingali zikiimbwa.