Soufflot, Mjenzi wa Kanisa Kuu la Kilimani

Katika mwaka wa 1713, katika kijiji cha Irancy nchini Ufaransa, alizaliwa mtoto aliyeitwa Jacques-Germain Soufflot. Baba yake alikuwa mtu wa sheria, walakini mtoto alichagua kazi ya ujenzi. Alipokuwa kijana alisafiri mpaka Roma, akakaa huko miaka kadhaa akijifunza majengo ya kale. Aliporudi alikaa katika mji wa Lyon, na huko alipata sifa kwa kuchora ramani ya hospitali kubwa iliyo kando ya mto Rhône.

Mfalme wa Ufaransa wakati huo alikuwa Louis wa Kumi na Tano. Mwaka wa 1744 mfalme aliugua sana, hata watu wakadhani atakufa. Akaweka nadhiri kwamba akipona, atamjengea Mtakatifu Geneviève, mlinzi wa mji wa Paris, kanisa jipya. Akapona, na mwaka wa 1755 kazi hiyo akapewa Soufflot.

Tangu mwanzo kazi ilikuwa na taabu. Walipochimba msingi juu ya kilima, waliona ardhi imejaa mashimo, maana zamani za Warumi wafinyanzi walichimba udongo pale. Ikawalazimu kuyajaza mashimo hayo kwanza, na miaka ikapita. Mfalme aliweka jiwe la msingi mwaka wa 1764.

Soufflot alitaka kanisa lenye nuru na nafasi. Kwa hiyo aliazimu kuweka kuba kubwa ya mawe juu ya nguzo kuu nne zilizo nyembamba kuliko desturi. Mwaka wa 1770 mjenzi mwingine, Pierre Patte, aliandika kwamba nguzo hizo hazitaweza kuubeba uzito huo. Mabishano yakawa makali. Mhandisi mmoja, jina lake Gauthey, alimtetea Soufflot. Akatengeneza mtambo wa kuponda mawe, apate kujua kila namna ya jiwe lastahimili uzito gani. Akaona mawe yale yana nguvu ya kutosha.

Hata hivyo, baada ya miaka michache nyufa zilionekana katika nguzo. Soufflot akafa mwaka wa 1780, na kuba haijakwisha. Mwanafunzi wake, Rondelet, akaimaliza mwaka wa 1790.

Rondelet alichunguza nyufa zile, akaona sababu yake. Waashi walikuwa wamechonga kila jiwe vizuri ukingoni tu, ili maungio yapendeze kwa nje, lakini katikati waliacha bonde. Basi uzito wote uliangukia kingo za mawe, zikapasuka. Tangu mwaka wa 1806 Rondelet alizinenepesha nguzo, na kuba ikatulia.

Mwaka wa 1791, wakati wa mapinduzi, kanisa liligeuzwa kuwa mahali pa kuzikia watu wakuu wa taifa, likaitwa Panthéon. Mwaka wa 1829 mwili wa Soufflot nao ulihamishiwa humo, akalala chini ya kuba asiyoiona. Hata leo kuba hiyo yasimama, kimo chake mita 83.

Jiwe lililochongwa kwa kupendeza macho tu ni hatari kwa jengo zima. Na kazi ya fundi mkuu, hata ikiwa na akili nyingi, yategemea uaminifu wa mwashi mdogo mahali pasipoonekana na mtu.