Daktari Koch na Vijidudu vya Maradhi



Katika toleo hili tumeona tuwaletee maisha ya mtu ambaye hakuwa Mwislamu wala mwenyeji wetu, lakini alifanya kazi hapa hapa Dar es Salaam. Naye ni Daktari Robert Koch. Wengi wenu mmelikuta jina lake katika somo la bayolojia, kwa sababu ya kifua kikuu. Sisi tunataka kumtazama kwa upande mwingine: vipi alikaa zaidi ya miaka 30 na vijidudu vinavyoua, juu ya meza yake, visimuue, hali baadhi ya wenziwe viliwamaliza.

Koch alizaliwa tarehe 11 Desemba 1843 mjini Clausthal, Ujerumani. Alisomea udaktari Göttingen, kisha akawa daktari wa wilaya huko Wollstein, mji ambao leo uko Poland. Maabara hakuwa nayo. Alikigawa kwa pazia chumba chake cha kuonea wagonjwa. Upande mmoja watu, upande wa pili hadubini, panya na damu ya mifugo iliyokufa kwa kimeta. Sindano ya kufaa kazi ile hakuwa nayo pia, basi alichonga vijiti vyembamba, akavisafisha na kuviokea kwenye oveni, ndipo akavichovya damu na kuwachoma panya. Kwa njia hiyo, mwaka 1876 alithibitisha kuwa kimeta huletwa na kijidudu chake maalumu.

Alipohamia Berlin mwaka 1880 alianza kuuliza swali ambalo wengi walidhani limekwisha jibiwa: je, dawa tunazomwagia vijidudu zinaviua kweli? Wakati ule madaktari waliitegemea sana asidi ya kaboliki. Koch aliipima kwa mbegu ngumu za kimeta, akaona ikichanganywa na mafuta haifanyi lolote. Joto kavu la nyuzi 140 lilihitaji saa 3. Mvuke wa maji yanayochemka ulizimaliza kwa muda mfupi kabisa. Matokeo hayo yalitoka mwaka 1881, na mpaka leo maabara husafisha vyombo vyake kwa mvuke, ndani ya mtungi unaofanya kazi kama sufuria ya presha ya jikoni. Kifua kikuu alikitangaza mwaka uliofuata, tarehe 24 Machi 1882.

Mwaka 1883 alikwenda Misri kutafuta kijidudu cha kipindupindu. Wafaransa nao walikuwa Alexandria kwa kazi hiyo hiyo, na mmoja wao, kijana Louis Thuillier, aliugua kipindupindu akafa. Ujerumani na Ufaransa zilikuwa hazipendani, lakini Koch alikwenda mazikoni.

Alifika Dar es Salaam mwaka 1897 akitokea India, alikokuwa akichunguza tauni. Ni mwaka uleule iliofunguliwa hospitali ya Wajerumani kando ya bahari, ambayo leo ni Taasisi ya Saratani ya Ocean Road. Ukitoka Msimbazi kwa miguu, ukapita Mnazi Mmoja, utaifikia kwa kiasi cha saa moja. Hapa mjini alichunguza malaria na maradhi ya ng'ombe, na sampuli za wagonjwa wa Kisiba, karibu na Bukoba, zikamfikia. Akathibitisha ni tauni.

Sasa tazameni. Mwaka huohuo wa 1897 madaktari wa Austria nao walichukua vijidudu vya tauni Bombay, wakavipeleka Vienna. Oktoba 1898 mhudumu wa maabara, Franz Barisch, akaambukizwa akafa. Daktari aliyemtibu, Hermann Müller, akafa. Muuguzi Albine Pecha naye akafa. Mtume (s.a.w.) ametufundisha tusiingie katika nchi yenye tauni wala tusiikimbie tukiwa ndani yake, lakini Vienna haikuwa na tauni, ililetwa ndani ya chupa.

Koch alirudi kwetu mwaka 1905, safari hii kwa homa ya papasi. Aliwakusanya papasi katika vibanda vya kando ya njia za misafara, akakuta kijidudu cha homa kimo hata katika mayai yao. Kule Kasongo, Kongo, Joseph Dutton, Mwingereza wa miaka 30, alikuwa akichunguza homa hiyohiyo. Ikampata, akafa tarehe 27 Februari 1905. Kijidudu hicho leo kinaitwa kwa jina lake.

Hata hivyo tusimsifu Koch kupita kiasi. Mwaka 1906 na 1907, katika visiwa vya Sese nchini Uganda, aliwadunga wagonjwa wa malale dawa iitwayo atoksili, kisha akaongeza kipimo. Baadhi yao walipofuka kabisa. Mikono yake mwenyewe aliilinda kwa mvuke na moto, macho ya wavuvi wale hakuyapa hadhari hiyo, na kwetu sisi hilo ni doa lisilofutwa na Tuzo ya Nobel aliyopewa mwaka 1905.

Alifariki Baden-Baden, tarehe 27 Mei 1910, akiwa na miaka 66, kwa maradhi ya moyo.